Milango Thelathini ya Waziri

Hapo zamani, Jumatatu, tarehe tisa Shaabani, saa mbili na robo asubuhi, mpiga mbiu wa mji wa Shungi alitangaza: "Sultani awahurumia maskini! Kila mlango wa nje utalipiwa pishi moja ya mtama, wagaiwe wenye njaa. Asiyelipa, mlango wake utang'olewa!"

Waziri Khalfani, aliyeitunga amri hiyo, alikuwa na vyumba thelathini nyuma ya mlango mmoja wa nakshi. Mtaa wa wasusi wa mikeka ulikuwa na vibanda thelathini, kila kimoja na mlango wake.

Ikawa Mize binti Kombo, mjane wa mtaa huo, ana pishi moja tu, chakula cha wanawe wawili hadi Ijumaa.

"Shoga, tutatoa mtama wetu ili tugaiwe mtama wetu?" akauliza jirani yake.

"Na Waziri ashukuriwe," akajibu Mize. "Lete shoka."

Basi adhuhuri, wakubwa walipojinyoosha baada ya pilau, wanawake wakang'oa milango yao yote, wakaiegemeza kwenye ukuta wa Waziri. Makarani wa Sultani waliotumwa kuhesabu milango wakapita mtaa wa wasusi, wakakuta mapazia ya magunia. Wakafika kwa Waziri, wakaandika: milango thelathini na mmoja.

Waziri akamkokota Mize barazani kwa Sultani. "Bwana wangu, mwanamke huyu ameidhihaki amri!"

"Hasha, bwana wangu," akasema Mize. "Mtama sina wa kutoa. Nimewapunguzia askari kazi ya kung'oa, nami nikaipeleka milango kwa aliyeitaka."

"Lakini mimi nina mlango mmoja tu!" akafoka Waziri.

"Kweli, bwana. Na mimi nina chumba kimoja tu. Wewe vyako vingapi?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, kisha akaamuru: mwenye chumba kimoja au viwili asilipe kitu, aliyezidisha hapo alipe pishi kwa kila chumba, na Waziri aanze kesho.

Kesho yake asubuhi, Mize alipokwenda kuchukua mlango wake, alisikia nyundo. Waziri alikuwa akivunja kuta za ndani, vyumba thelathini vipate kuwa kimoja.

Mize akachungulia. "Mafundi, hayo mawe mwayatupa?"

"Twayatupa, mama."

Basi akakunja kanga yake kuwa kata, akajitwika jiwe la kwanza, akaenda kujijengea chumba cha pili.