Mshale Uliolala Nusu

Ugonjwa haufi kwa kufunikwa shuka. Hulala tu chini yake, ukiingoja siku ambayo mwenyewe ameusahau. Isaka, mkulima wa kahawa wa Igamba, aliyajua hayo tangu utotoni; lakini kujua ni jambo moja, na kuushinda moyo wenye majivuno ni jambo jingine.

Mwaka 2011, mvua za kifuku zilipokuwa zimepamba moto, Isaka alishuka Tunduma na mkewe Tabita ili kubadilisha pikapu yake ya dizeli kwa gari dogo la kutembelea. Pikapu ile ilikuwa imebeba magunia hadi mgongo ukapinda, naye alichoka kufika kanisani akinuka mbolea. Walikwenda kwenye yadi ya Aziz, mfanyabiashara aliyehamia Tunduma kutoka Kondoa.

Aziz alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupeana mikono, aliagiza chai ya tangawizi, akamkalisha mteja mkekani, kisha akamtaka aitaje aibu ya gari lake. Kasoro ndogo iliyotajwa aliisamehe palepale wala hakulipunguzia gari thamani. Mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Langu lile jeupe, redio imekufa, na kioo cha nyuma hakishuki. Haya, ndugu yangu, nipe na ya kwako."

"Shehe, la huyu usimuulize!" dalali mmoja aliropoka kutoka langoni. "Akianza kutaja, chai itapoa, tutakula daku hapahapa!"

Yadi nzima ikaangua kicheko. Isaka akahisi masikio yakiwaka kama pilipili kichaa.

"Kitasa cha mlango wa kushoto kinagoma," alisema kwa ukali. "Basi. Sisi watu wa Igamba hatuuzi makopo."

Tabita alikohoa, kisha akamkanyaga mguu. Aliijua siri: mshale wa mafuta wa pikapu ile ulikuwa umekufa zamani. Tangi lijae au likauke, wenyewe ulilala nusu, umetulia kama paka juani. Nyumbani walipima dizeli kwa kijiti cha mwanzi, na asubuhi hiyo Isaka alikuwa amekitupa kijiti hicho katikati ya mibuni. Tena alikuwa ametia dizeli ya kumfikisha Tunduma na ziada kidogo tu, maana nani amwachie mwenzake tangi lililojaa?

"Baba Ruti, mwambie habari za mshale," Tabita alinong'ona Aziz alipoinuka kuongeza sukari. "Ni kitu kidogo. Atasamehe."

"Nyamaza, mama. Wameshanicheka mkavu, unataka niwaongezee mchuzi?"

Aziz akarudi, akamshika mkono mbele ya watu wote. "Mmesikia? Kitasa tu. Nawapenda watu wenye neno moja."

Sifa ile ilimwingia Isaka kama asali. Hakujua kwamba ilikuwa ulimbo.

Wiki ile haikuisha. Baba yake, mzee Boazi, alishikwa na ngiri, tumbo likajikaza kama ngozi ya ngoma. Muuguzi wa zahanati alimpapasa mara moja tu, akamwita Isaka pembeni. "Huyu ni wa kupasuliwa. Afike hospitali Vwawa leo, kabla jua halijatua. La sivyo, tutampoteza."

Gari jeupe lilitoka uani likazama tumbo zima kwenye tope. Pikapu za jirani zilikuwa zimekwenda mnadani. Kwenye bodaboda mzee hakuweza kuketi. Isaka akampigia Aziz simu.

"Shehe wangu, baba ananitoka."

"Usiseme zaidi. Amri, mdogo wangu, anaanza safari sasa hivi na ile pikapu yako. Ndiyo inayolijua tope la kwenu."

"Ina... ina mafuta?"

"Amri anasema mshale uko nusu. Yatafika na kubaki."

Mlango wa ukweli ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitosha: mshale huo ni mwongo. Lakini Isaka aliona yadi nzima ikicheka, akamwona Aziz akiuondoa mkono wake kwenye mkono aliousifu. Labda waliongeza dizeli, alijidanganya. Labda yatatosha.

"Mungu akulipe, shehe," akasema, akakata simu.

Amri aliendesha kama mtu aliyeitiwa moto. Alivipita vituo vya mafuta vya Tunduma, Vwawa na Mlowo bila kugeuza shingo. Aliiacha lami, akapanda vilima, na katikati ya tope injini ikakohoa ikazima. Akautazama mshale: nusu. Basi akafungua boneti. Akasafisha filta, akakaza mipira, akapiga pampu kwa mkono mpaka vidole vikachubuka, akitafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Saa zikamtoka. Hatimaye akapanda kilimani kusaka mtandao.

"Kaka Isaka, gari limenigomea. Mafuta yapo, ila sijui pampu..."

Isaka alikuwa amemshika mzee mkono. Alitoka nje kwenye mvua ili asisikike.

"Amri," alisema. "Hamna mafuta. Mshale huo haufanyi kazi."

Amri akauliza polepole, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu pale kwenye chai?"

Isaka alikata simu, akarudi ndani kwa mzee.

Amri alikimbia hadi kwenye mashine ya kusaga ya kijiji cha karibu, akaomba dizeli, akarudi na kidumu begani. Pikapu ile iliingia uani kwa Isaka jua likizama. Tabita alikuwa ameketi kizingitini, khanga kichwani, na ndani wanawake walikuwa wameanza kulia.

Aziz alikuja msibani kesho yake. Isaka alimwendea akitamani kutukanwa, maana tusi lingekuwa nafuu.

"Ndugu yangu," Aziz alisema kwa upole uliokata kuliko panga, "ungeniambia kwenye chai, ningecheka, tukanywa, tukasahau. Ungeniambia kwenye simu, Amri angejaza tangi. Sasa nikusamehe nini? Aliyekosewa si mimi."

Alimpa mkono wa pole, akaenda kuketi na waombolezaji. Isaka alibaki amesimama peke yake, na kila aliyempita alikwisha kusikia habari za mshale. Lile alilolificha ili asichekwe na watu wachache yadini, sasa lilijulikana Igamba nzima, wala hapakuwa na aliyecheka. Hakika, mficha maradhi, kifo humuumbua.