Mlango Uliofungwa Mchana

Mtu mmoja alikuwa na mlango. Nyumba pia alikuwa nayo, ya mawe, yenye sakafu ya chokaa na kisima uani, lakini nyumba hiyo hakuna aliyeitaja. Ukiuliza kwa Vuai ni wapi, hata mlevi wa sokoni angekujibu: pale penye mlango.

Na ulikuwa mlango kweli, siyo hii yenu ya bati inayolia kama mbuzi. Mti wake ulikuwa mweusi na mgumu, hata mchwa waliukatia tamaa. Chini kwenye miimo, zile nguzo mbili za pembeni, palichongwa samaki wasio na macho, maana mafundi wa zamani waliogopa kuchonga kiumbe kikawatazama. Juu ya samaki mawimbi. Juu ya mawimbi moshi wa ubani unapanda, umejisokota, haufiki unakokwenda. Mnyororo ukazunguka pande zote. Na juu kabisa yungiyungi limefumbuka, ua ambalo mji mzima hakuna aliyewahi kuliona likiota. Nani aliyechonga? Hajulikani. Alitoka wapi, alimwomba Mungu kwa lugha gani, hajulikani. Alikuja, akaufanya mti useme, akaondoka bila kuacha hata jina. Watu wazima walipita mbele yake wakajikuta wameshusha sauti, na ukiwauliza kwa nini, walikasirika.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi. Mchana mlango haukufungwa. Tangu babu wa babu, jua likichomoza mbawa zote mbili zilifunguliwa kwa ndani, ubawa huu ukaegemea ukuta huu, na ule ukaegemea ule, zikabaki zinatazamana. Usiku zilifungwa, lakini usiku nani anatazama mlango? Kwa hiyo nakshi za zile mbawa mbili zilionekana miaka yote zikiwa mbalimbali, kama jamaa waliokosana arusini wakapewa viti vya kutazamana.

Katikati ya kila ubawa palikuwa na jani. Majani mapana mawili, yenye ncha tano kila moja. Jani la ubawa wa kulia lilikuwa na kikonyo, kilichochongwa kwenye mfaa, ule mti uliosimama katikati ya mlango na kuziba mwanya wa mbawa zinapokutana. Mfaa ulipigiliwa kwenye ubawa wa kulia, na mlango ukifunguliwa huenda nao. Jani la ubawa wa kushoto halikuwa na kikonyo. Lilielea tu.

Sasa, Vuai alikuwa msomaji wa alama. Tusimwonee: alijua mengi. Alijua nyota ya pembe nane, alijua mabakuli ya kigeni yaliyopachikwa juu ya makaburi ya zamani, alijua michoro ya mapangoni ambayo hakuwahi kuiona. Alikaa barazani kwake, ndani tu ya mlango, kanzu imenyooka, na kila aliyepita alipata chake. Samaki ni riziki. Ubani ni dua. Mnyororo ni ulinzi, shari isiingie. Wageni walimsikiliza midomo wazi, na yeye akaipenda sana ile midomo wazi.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni yale majani mawili. Hapo ndipo alipopunguza sauti.

"Hili lenye kikonyo," alisema, "ni mtu aliyebaki kwenye shina. Na hili lisilo na kikonyo ni mtu aliyekatika. Linapendeza, lakini ni kavu. Kila nyumba inalo."

Na akisema kila nyumba inalo, jicho lake lilikwenda pembeni, alipokaa mdogo wake, Pandu.

Pandu alikuwa mpishi wa halua. Mikono yake ilinuka iliki na samli, na msikitini alionekana Ijumaa kwa Ijumaa, akichelewa. Alioa kwa watu ambao Vuai hakuwapenda. Siku nyingi aliimeza ile kauli ya jani kavu pamoja na kahawa yake. Siku moja, mbele ya wageni, ikamkwama.

"Kaka," akasema, "hizo ni nakshi tu. Fundi alichoka, akaona kikonyo kimoja kinatosha. Unamsumbua marehemu wa watu."

Wageni wakacheka. Mgeni mmoja akacheka zaidi ya wenzake, mmoja wa wale wa kucheka mpaka wanapiga paja.

Vuai akasimama. Hakuona mdogo wake pale. Aliona mtu ameitemea mate nuru. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu akijiambia hivyo hakuna asichoweza kufanya. Akamshika Pandu bega, akampeleka nje hadi barabarani, akarudi ndani, na pale pale mchana kweupe akazikutanisha zile mbawa mbili, akatia komeo. Akasema kwa ndani, kwa sauti ya kusikika:

"Aliyeukana mlango huu asipite mlango huu."

Hivyo ulifungwa. Kesho yake haukufunguliwa, na mtondo, siku ya tatu, haukufunguliwa. Vuai akawa anatoka kwa mlango wa uani, anapita kichochoro cha nyuma, anakwenda kukaa kwenye baraza la mtaa wa pili. Huko akaendelea kueleza alama za mlango wake, macho ameyafumba. Alikuwa ameukariri, na aliyekariri haangalii tena.

Barabarani nako watu wakapita mbele ya ule mlango uliofungwa. Wakatazama. Wakasimama. Wako waliovua kofia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapeleka ndizi sokoni alitua mzigo wake, akalia kidogo, akajitwika, akaenda. Lakini hakuna aliyemwambia Vuai walichokiona. Wamwambie nini? Mwenye mlango ni yeye. Walidhani anajua.

Ndani ya nyumba alikuwamo mama yao, Bi Mize. Mwili wake ulikuwa umebaki kidogo, sukari imeushika, ukikosa chakula mchana mmoja unatetemeka. Alimwomba Vuai amrudishe ndugu yake. Aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, akaomba kwa kunyamaza. Vuai akamjibu kwa samaki na moshi na mnyororo.

"Mama, si mimi. Ni alama zenyewe. Mimi nasoma tu."

Basi siku moja Vuai alikwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi kwa kichochoro, mlango wa uani ulikuwa umetiwa pingo kwa ndani. Akasukuma. Akagonga. Akazunguka nyumba nzima jua likimchoma kisogo, akatokea barabarani, mbele.

"Mama! Fungua!"

Sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na mbao, kumbe mama ameketi sakafuni nyuma ya mlango. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni kila mtu. Ukija nyumba ya watu unasemaje?"

Vuai akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi. Tangu azaliwe hajawahi kutamka hodi mbele ya mlango ule. Nani anapiga hodi kwao? Hodi ni neno la wageni, la wauza samaki, la watu waliotumwa.

"Mama, acha mzaha. Umekula?"

"Sijala, na sili," akasema Bi Mize. "Hodi ya mlango huu nataka niisikie kwa sauti mbili."

Vuai akabaki amesimama pale na anajua hesabu yake. Mama yake ana ulimi mlaini na kichwa kigumu. Akisema hali, hali. Na mwili ule hauna akiba. Jua lililopo kichwani likishuka kwenye mapaa, mikono yake itaanza kutetemeka, na likizama, itaacha.

Akarudi nyuma hatua kadhaa, apate nafasi ya kuuvamia mlango kwa bega. Akainua macho kuupima.

Hapo ndipo alipouona.

Mbawa zilikuwa zimekutana. Mfaa ulikuwa umesimama katikati, na kile kikonyo ambacho miaka yote alikiona ni cha jani moja kilikuwa kimegawanyika juu, tawi huku na tawi huku, kikashika majani yote mawili. Hakuna jani lililoelea. Lile la kushoto lilikuwa na shina lake muda wote. Shina lilikuwa linaondoka na ubawa wa pili kila mlango ulipofunguliwa, wao ndio waliokuwa wanaliondoa. Na yakishikana hivyo hayakuwa majani tena. Ncha tano huku, ncha tano kule, na ile ya pembeni imetengana na wenzake. Vilikuwa viganja. Mikono miwili imenyooshwa pamoja, imefunguliwa, imeinuliwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama nje.

Mlango ulikuwa unaomba.

Vuai alijua mikono ile ni ya nini, mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Ni mikono ya mtu aliye katikati ya dua. Lakini mwombaji kwa kawaida ni yule aliye nje. Mwenye shida ndiye anayesimama mlangoni na kunyoosha mikono. Hapa fundi asiyejulikana aliigeuza dunia: nyumba ndiyo yenye shida, nyumba ndiyo inayonyoosha mikono kwa yule aliyefungiwa. Nyumba ndiyo inayopiga hodi. Na mnyororo aliousifu kuwa ni ulinzi, akaona sasa kwamba hauzuii mtu. Ulipanda mwimo huu, ukapita juu yake, ukashuka mwimo ule. Kwa namna alivyosimama, ulikuwa umemkumbatia yeye.

Akaona na jingine. Alama hiyo haikuchongwa kwa ajili ya watu wa ndani. Mlango ukiwa wazi haipo. Usiku haionekani. Ilingoja mamia ya miaka imtokee mtu mmoja tu, yule ambaye siku moja atafungiwa mchana. Naye Vuai, msomaji mkubwa, kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfungulia Pandu kitabu kizima na kujibakishia yeye jalada tu.

Hakuuvamia mlango. Alikwenda mbio, kanzu ameikunja mkononi, mtu mzima, mbele ya watu, mpaka kwa Pandu. Mlango wa Pandu ulikuwa gunia limening'inizwa. Vuai akasimama mbele ya gunia. Akaiachia kanzu ishuke. Kisha neno likatoka.

"Hodi."

Ndani mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Nani huyo," sauti ikauliza, "anayepiga hodi kama anadai kodi?"

"Ni mimi, Pandu. Mama ametia komeo, hali. Anataka sauti zetu mbili. Na mlango nimeuona."

Pandu akatoka, halua imemkauka hadi viwikoni. Akamtazama kaka yake, jinsi jasho lilivyomtoka na kofia ilivyokwenda upande.

"Mimi niliuona siku ile ile," akasema. "Uliponifungia. Nilikuwa nimeinua mguu niupige teke, mikono ikanitokea. Nikakaa chini pale barabarani mpaka alasiri. Ndiyo maana sikuhama mji."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia nini, kaka? Ungesema ni nakshi tu."

Wakaenda. Pandu hata mikono hakunawa. Walipofika, jua lilikuwa limeshagusa mapaa. Wakasimama bega kwa bega mbele ya vile viganja viwili vyeusi, na Vuai, ambaye alikuwa na maneno kwa kila kitu, akakuta analo moja. Wakalisema pamoja. Vuai akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha mti, kikaenea sawasawa, kama kwamba fundi alimpima yeye. Wakalisema tena, na safari hii sauti ya Vuai ilipasuka katikati.

Ndani kikasikika kitu kinaburuzwa, polepole sana. Komeo likakwaruza.

"Karibuni," Bi Mize akasema, nguvu zikiwa zimebaki za neno hilo tu.

Mbawa zilipoachana, ile mikono ikashuka, huu upande wake na huu upande wake, kama mtu aliyejibiwa dua na kupangusa uso, ikarudi kuwa majani. Pandu akamdaka mama yake kabla hajaanguka, akamtia mdomoni halua iliyokuwa kwenye vidole vyake.

Nyinyi mnaojua maana ya hilali juu ya mnara na ya msalaba juu ya paa, mnaojua samaki, nyota, mshumaa na moshi, na mnazieleza vizuri mpaka watu wanafungua midomo: je, mmewahi kutoka nje mkasimama pale mlipomsimamisha ndugu yenu, mkaziona kutoka huko?