Alhamisi kwa Bi Tufaha

Kila Alhamisi baada ya alasiri, sebule ya Bi Tufaha pale Vuga ilijaa masheikh, maprofesa na washairi, waliofuata elimu na, kwa bahati tu, halua yake. Sheikh Mahfudhi, ambaye hakuwahi kualikwa, aliiona ni fitina. Na alichokataza yeye mimbarini, mji mzima ulikiacha. Alhamisi moja habari zilienea kwamba anakuja, na akaja.

“Mwanamke haongozi baraza la wanazuoni,” alimwambia mlangoni. “Kesho Ijumaa nalipiga marufuku.”

“Bila hoja, Sheikh? Watasema umewaogopa. Ingia uwashinde kwanza.”

Sheikh akaingia, akahutubia mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyefungua mdomo. Profesa Haidari, msomi aliyeogopwa kuliko wote, alikaa pembeni na miwani yake myeusi, kichwa kikiyumba huku na huku kwa tafakuri nzito.

“Umeona walivyonyamaza?” Sheikh alisema akivaa makubadhi.

“Wote, kasoro Profesa. Hukumwona anavyotikisa kichwa?”

Sheikh akasita. “Anapinga lipi?”

“Mimi mwanamke, Sheikh, nitajulia wapi? Pengine Alhamisi ijayo atalisema.”

“Basi marufuku ingoje. Na kesho mimbarini nitawahimiza watu waje, washuhudie ninavyomjibu.”

“Wewe ndiye mwenye elimu,” alisema Bi Tufaha kwa unyenyekevu.

Sheikh alipopinda kona, Bi Tufaha alirudi ndani, akamvua Profesa miwani na kumtikisa bega. Profesa akapiga mwayo mrefu.

“Vipi,” aliuliza, “huyo Sheikh Mahfudhi hajafika bado?”