Wazishi wa Bonde la Nakijwa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Anayetafuna ameze. Kisa ni kama kuku mgeni, ukipiga kelele kinatorokea porini.

Kale, babu wa babu yenu hajaota jino, watu wa milima hii walikuwa na mwiko: mkono uliozika mnyama haupandi mbegu mwaka huo. Kwa hiyo mbuzi akifa hutupwa bondeni, juu ya chemchemi, akazikwa na mbawakawa. Weusi wale, wenye mishipi myekundu mgongoni. Kiangazi hulala chini ya majani yaliyooza, kwenye ubaridi wa kijito. Mvua za masika zikigonga, hutoka. Kipupwe kikija, hurudi kulala.

Basi kiangazi kimoja kikaua mbuzi wengi, bonde likanuka. Mtawala wetu, Sekiondo, akasema, “Uchafu unatoka kwenye majani yale. Chomeni.” Wakachoma. Wakachoma huku, wakachoma kule, mpaka wakafika shambani kwa Nakijwa, mjane wa mdogo wake. Wakamkuta amesimama na mchi.

“Shemeji, hapa hapachomwi.”

“Umeficha nini humo? Mume mpya?”

Wanaume wakacheka.

“Nimeficha wazishi. Mkiwaunguza, nani atazika? Wewe?”

Sekiondo akaitazama mikono yake. “Haya. Mvua ije. Uvundo ukiingia kwenye chemchemi, shamba lako natwaa.”

“Usipoingia, moto wa bonde hili hauwashwi bila ruhusa yangu.”

“Nimekubali.”

Mvua ikaja, wanangu. Ikanyesha, ikanyesha. Wakaja inzi, ila mbawakawa hakutoka hata mmoja. Asubuhi Sekiondo akafika na jembe kupima mpaka.

“Nakijwa, wazishi wako wamekufa usingizini?”

“Subiri. Hata wewe shemeji huamki kabla uji haujaiva.”

Mara majani yakatikisika. Wakatoka! Wakatoka kama mtama unaomwagika kapuni, wakaingia chini ya mizoga. Chimba, shusha. Chimba, shusha. Mbuzi mfu akajongea mwenyewe, na wanaume wakatimua mbio, Sekiondo mbele yao wote.

Mtama ulipochipua, bonde lilikuwa safi. Sekiondo akashuka kwenye chemchemi, akateka kwa viganja, akanywa watu wote wakimtazama. “Matamu,” akasema. “Shemeji, moto ni wako.” Vigelegele vikavuka mlima wa pili. Wanawake wakambeba Nakijwa juu juu, na mchi wake mkononi.

Kwa hiyo sikieni: anayefanya kazi mnayoikimbia, msimchomee nyumba.

Binti za Nakijwa walirithi kauli ya moto. Wana wa Sekiondo walirithi kufagia njia ya chemchemi. Mbawakawa wakarithi kila kilichoanguka, inzi wakarithi kelele. Mimi nilirithi kisa, na sasa nimekitua mapajani mwenu. Kibebeni.