Sindano ya Mwanamize

"Paka akikuparura, tafuta sindano yako." Mmeisikia barazani mkacheka, mkauliza paka na sindano wapi na wapi. Basi chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Mwanamize alikuwa mjane mshona kofia za viua, zile zinazotariziwa vitundu kwa mkono, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kutwa alikaa mkekani ukumbini, na ubavuni pake alilala Bafta, paka aliyepewa jina hilo la kitambaa cheupe kwa weupe wake. Tangu mumewe afariki, paka huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa kuzungumza. Hata mjukuu wake Nassibu, mtoto wa kutambaa, alipomvuta mkia, Bafta alisinzia tu.

Washonaji wa mtaa ule walikuwa na desturi: adhana ikisikika, sindano hurudishwa kwenye kitambaa chake kabla mtu hajainuka. Lakini Mwanamize yake aliichomeka mkekani na uzi wake. "Mkeka wangu, sindano yangu, nani ataondoka nayo?" Siku moja alirudi kutoka kuswali asiione. Akamshuku jirani moyoni, akachukua nyingine, yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Bafta akabadilika ghafla. Mwanamize alipompapasa kama kawaida yake, alimgeukia akamparura mpaka damu ikamtoka. Kesho yake Nassibu akamkumbatia, naye akamkwaruza shavuni. Raya, mama wa mtoto, mke wa mwana wa Mwanamize, alimnyakua mwanawe, akaja na gunia.

"Mama, huyu kaingiwa na shetani. Leo namtupa ng'ambo ya kijito. Safari hii ni shavu, safari ijayo ni jicho."

Mwanamize alijua mkwewe anasema kweli. Moyo ulimuuma. "Niache nimuage, mwanangu," akasema.

Akampapasa Bafta kichwani. Paka akakoroma kwa raha. Akampapasa shingoni, bado anakoroma. Mkono ulipofika begani, akanguruma na kutoa kucha. Mwanamize akaurudisha kichwani, na paka akakoroma tena.

"Raya," akasema polepole, "shetani gani huyu anayekaa begani tu?"

Akapenua manyoya. Palikuwa na uvimbe, na katikati yake ncha ya uzi wa kofia. Akaushika, akavuta. Bafta aliweka kucha zake zote juu ya mkono ule, lakini hakuzizamisha. Alitetemeka, akamkazia macho bibi yake, akavumilia mpaka sindano ikatoka yote na usaha wake.

Hapo Mwanamize akatambua. Kiumbe asiye na maneno alikuwa akimwambia kwa lugha pekee aliyojaliwa na Mola wake, naye akamsikia kama adui.

"Ni sindano yangu," akasema.

Raya aliutazama mkeka. Pale alipokuwa akilala paka ndipo Nassibu alipopenda kujilaza kifudifudi kila asubuhi. Akamkumbatia mwanawe. Kisha akalikunja gunia, akalitandika ukumbini, akamlaza Bafta juu yake.

Tangu hapo, mpole akigeuka mkali ghafla, watu wa mtaa ule hawaanzi kwa kumlaani. Hujitazama kwanza, wakaambiana: paka akikuparura, tafuta sindano yako.