Pikapu Iliyovaa Gambuti

Mwalongo wa Makambako alikuwa na pikapu kuukuu iliyokohoa kuliko babu yake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuicheka. Binti yake alipokaribia kuolewa, shemeji yake tajiri, Mgimba, akaamuru, "Bibi harusi atapanda gari langu. Kopo lako litatuaibisha."

"Kweli, shemeji, hata mimi huona haya kuliegesha mchana," alisema Mwalongo. "Ila baba ni mimi. Tushindane kesho hadi kanisani, sindano ya mwendo isipite sitini. Mkeo akae garini kwangu ailinde, wangu akae kwako. Atakayetangulia ndiye atakayembeba bibi harusi."

Mgimba akakubali upesi, akijua kopo litazimikia kilimani.

Asubuhi Mwalongo akaja na pikapu iliyofungwa matairi makubwa ya kuazima. Mgimba alicheka mpaka akaegemea gari lake, ambalo matairi yake yalikuwa yameota vipara kwa ubahili wake. "Mbuzi kavaa gambuti!"

"Na mwenye mbuzi hana hata soksi," akajibu Mwalongo.

Wakaondoka. Mgimba alipofika kanisani, alimkuta Mwalongo ameketi kwenye ngazi, anatafuna hindi la kuchoma.

"Huyu amezidisha mwendo!" Mgimba alimfokea mkewe.

"Haikupita sitini, Baba Tulizo. Nimeikodolea mpaka macho yanatoa machozi."

"Usimwonee, shemeji," alisema Mwalongo. "Sindano huhesabu mizunguko ya gurudumu, haijui ukubwa wake. Lako limelika, kila mzunguko ni hatua ya mtoto. Langu linaruka mitaro. Siku ya harusi nifuate polepole, usije ukamkanyaga mbuzi mkia."