Chungu cha Mama na Kata ya Shangali

Sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, funga mdomo, ya leo si ya kucheka.

Huko migombani walikuwapo dada watatu, mabingwa wa kupika mbege. Elinami alikuwa na jicho: akiitazama pombe tu, anajua imelala siku ngapi. Ndeonasia alikuwa na pua: akinusa, anakwambia ndizi imezidi au ulezi umepungua. Manka, kitinda mimba, alikuwa na ulimi. Yeye alitaka utamu wa ndizi, uchachu wa ulezi na uchungu kidogo wa gome la mti wa msesewe, bila kimoja kufunika kingine.

Baba yao, Mzee Ndetaramo, alikuwa amegombana na mdogo wake Shangali miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Siku moja Shangali akaja na mbege ya kupatana, nzuri, rangi ya asali. Akaonja kwanza, kama desturi inavyomtaka mwenye pombe, kisha akampa kaka yake kata. Kuikataa ni kutangaza vita.

Elinami akaona kidole gumba cha Shangali kimezama ndani ya kata, na povu mahali pale limekufa.

"Baba, subiri!"

"Unanitukania mgeni?" mzee akafoka.

Ndeonasia akaitwaa kata mkononi mwa baba, akanusa. Nywele zikamsimama.

"Baba, humu kuna kitu ambacho si ndizi wala ulezi."

"Ni msesewe huo," Shangali akasema, akitabasamu. Tabasamu gani lile, Mungu wangu!

Mzee akaichukua kata, akaiinua. Manka akampokonya, akapiga funda moja, akatema.

"Uchungu wa msesewe unapita. Huu umekaa."

Walipogeuka, Shangali alikuwa keshatoka mbio, hata fimbo yake ameiacha.

Basi mzee akatoa chungu cha marehemu mkewe. Anayekirithi ndiye mpika pombe wa ukoo.

"Ni cha aliyeniokoa," akasema.

"Nisingeona, ungekuwa umeshakunywa," akasema Elinami.

"Nisingenusa, nani angeonja?" akasema Ndeonasia.

Na Manka? Sumu ile iliua ulimi wake siku ile ile. Mpe mbege, mpe maji, kwake ni mamoja. Mpishi asiyesikia ladha atapika nini? Lakini ukimnyima, utamtazama usoni kwa macho gani?

Mzee bado amekumbatia chungu. Haya, wewe uliyekuwa unacheka: ungemkabidhi nani?